Kutwa mara tatu

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Waalaikumu salaam. Sauti yako niliisikiliza mara mbili, ya pili baba yako akiwa kando yangu. Waniuliza: ukiacha wodi ukasome uzamili, kisha uzamivu, ubaki chuoni kutafiti namna watu wanavyoelewa mambo ya afya na namna maisha yenyewe yanavyowapa maradhi, je, hutakuwa umewakimbia wagonjwa?

Ngoja nikwambie jambo ambalo sijapata kukwambia.

Nilipokuwa nesi kisiwani Pate, Ramadhani moja alinijia bibi wa Siyu, kifua kimembana. Nikamwandikia 1x3 kwenye bahasha ya dawa, nikamwambia, "Kimoja, kutwa mara tatu," nikaita mwengine. Siku ya tatu akaletwa anatapika. Kumbe vyote vitatu alikuwa akivimeza pamoja magharibi, kwa tende. "Kutwa nimefunga, mwanangu, ningemezaje?" Nikamgombeza mbele ya watu. Mpaka leo naona haya. Na kwenye daftari nilikuwa nimemwandika hajui kusoma, ilhali mwanamke yule alihitimu msahafu, na tendi akizisoma kwa herufi za Kiarabu. Ningemuuliza tu, "Wafunga?", yangekwisha. Au ningemwambia anieleze kwa maneno yake dawa ataimeza vipi. Siku hizi nasikia hilo hufundishwa. Sisi tulifundishwa kusema, si kusikiliza.

Kwa hivyo hukimbii mtu. Wodini hakuna anayepata nafasi ya kuuliza kwa nini yule bibi alitapika. Kuna dripu inayosubiri.

Lakini usiishie kwenye kuelewa, maana hapo naona wengi hukwama, wakamlaumu mgonjwa kwa lugha ya heshima. Mjamzito wa Kizingitini, kule kule Pate, ajua vizuri kuwa kutokwa damu ni hatari. Anachongoja ni boti, petroli na maji yajae. Utamfundisha nini?

Wala si umaskini mtupu. Kuna utafiti ulioanza London mwaka 1967, wa watumishi wa serikali ya Uingereza, wanaume, wote wana kazi na mshahara. Wa ngazi ya chini kabisa walikutwa wakifa kwa takriban mara tatu ya wale wa juu. Na haikuwa bosi na tarishi pekee: kila ukishuka ngazi, hali yazidi kuwa mbaya. Sigara na presha zilieleza sehemu tu. Michael Marmot, aliyeufanyia kazi miaka mingi, ndiye baadaye aliyeongoza tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotoa ripoti mwaka 2008, ikataja makazi, ajira, elimu na mgawanyo wa mali na mamlaka. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu jikoni. Wapagazi wa gatini na wenye majahazi, nani asiyejua nani huzikwa mapema? Ila kujua ni kimoja, kuhesabu mpaka wakubwa washindwe kubisha ni kingine. Hiyo ndiyo kazi nakutakia.

Baba yako asema mshahara, na ana haki. Wahadhiri hugoma, na wale wa muda hungoja malipo muhula baada ya muhula. Basi usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kupata ufadhili. Omba ruhusa ya masomo. Na si lazima Ulaya. Kilifi kuna kituo cha utafiti tangu 1989, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko pale pale. Ukisoma karibu, utauliza maswali kwa Kiswahili wanachokisema watu, si cha fomu.

Kabla hujajaza maombi, njoo twende Siyu. Yule bibi hayupo tena, ila binti yake ndiye mhamasishaji wa afya mtaani kwake, na ana mengi ya kukwambia. Uje siku za bamvua, maana Mkanda, ule mlango wa bahari tunaopitia, haupitiki maji yakipwa.

Mama yako