Mzani unasema 31, hesabu inasema 28

SWALI: Maabara tulichoma gramu 50 za kaboneti ya kalsiamu, tukapata gramu 31 za chokaa isiyozimwa. Nikagawa 31 kwa 50: uchumi wa atomu 62%. Kitabu kinasema 56%. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tanga

JIBU: Umechukua namba ya mzani ukaitia kwenye hesabu isiyoihusu. Uchumi wa atomu, yaani sehemu ya uzito wa vilivyoingia inayoishia kwenye zao unalolitaka, hutoka kwenye mlinganyo peke yake, hata kabla hujawasha moto:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Uzito wa molekuli ni 100 kwa kaboneti, 56 kwa chokaa, 44 kwa gesi. Gawa zao unalolitaka kwa jumla ya vilivyoingia, kisha zidisha kwa 100: 56%. Uchome vizuri, uchome vibaya, haibadiliki.

Mzani unahusu mavuno, yaani ulichopata ukilinganisha na kiasi cha juu kinachowezekana. Gramu 50 haziwezi kutoa zaidi ya gramu 28 za chokaa, kwa hiyo 31 zako zingekupa mavuno ya 110.7%, jambo lisilowezekana. Kama jiwe lilikuwa safi na halikunyonya unyevu, gramu 3 za ziada ni gesi ambayo haijatoka. 3 ÷ 44 × 100 ni gramu 6.8 za kaboneti ambayo haijaungua. Chokaa halisi ni gramu 24.2, mavuno 86%.

Dondoshea punje moja asidi hidrokloriki hafifu: ikitoa mapovu, kiini bado ni kaboneti. Kabla ya kuchoma, saga vipande viwe vidogo, maana moto unahitaji kufika karibu nyuzi 900 hadi ndani. Choma, pozesha kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, pima. Rudia mpaka uzito usishuke tena.

SWALI: Kwa chuma kutoka Fe₂O₃ na CO nimepata uchumi wa atomu wa 29.8%. Ni sahihi?

JIBU: Hapana, umesahau namba za mbele. Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂ ni 112 ÷ (160 + 84), yaani 45.9%. Wewe umegawa 56 kwa 188. Kosa hili tunaliona kuliko yote. Makaa ya kupashia tanuri hayahesabiwi, na hapo ndipo kipimo hiki kinapoficha mengi.