Oke ya kusikia na oke ya kuja

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama neno "oke" linaua Kiswahili. Hilo la kuua Kiswahili nawaachia walimu. Linaloniuma mimi ni hili: mtu akikujibu oke, amekubali nini hasa?

Huku Mbeya viazi vinauzwa kwa simu. Mkulima yuko Isyonje, dalali yuko Uyole, tajiri wa fuso yuko Dar es Salaam.

Msimu uliopita mama yangu mdogo alimpigia dalali, simu ikiwa kwenye spika. "Baba, kesho nachimba. Bei ni ileile, keshokutwa uje na gari." Akajibiwa, "Oke mama." Usiku uleule akakopa hela ya vibarua. Asubuhi tukaingia shambani ukungu bado umelalia matuta, majembe yanafukua, watoto wanaokota, sisi wengine tunachambua: vikubwa huku, vya mbegu kule. Jioni tukashona magunia, kila moja na kilemba chake juu, maana tajiri hanunui bila lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ingawa kila mtu anajua gunia halali halizidi kilo 100. Tukayapanga kando ya lami. Keshokutwa ikafika, fuso zikawa zinapita tu. Mvua ikanyesha, tukaazima turubai. Jua likatoka, viazi vya kwenye vilemba vikaanza kugeuka kijani. Dalali alipokuja kupokea simu akasema: "Mama, nilisema oke, yaani nimekusikia. Sikusema nakuja." Viazi vikachukuliwa na mpita njia kwa bei isiyorudisha hata hela ya vibarua. Mama mdogo alikaa juu ya gunia tupu, hakusema kitu.

Na neno lenyewe halikuanza hivyo. Lilichapwa Marekani kwenye gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839, likiwa O.K., kifupi cha utani cha "oll korrect", yaani "all correct", yote sahihi, tahajia ikiwa imekosewa makusudi. Mwaka 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren, aliyeitwa kwa utani Old Kinderhook, jina lenye herufi za mwanzo zilezile O na K, wakalibeba kwenye kampeni. Van Buren akashindwa, neno likabaki. Kwa hiyo lilikuwa neno la kuthibitisha. Leo linathibitisha, linaitikia, linaaga, tena linamnyamazisha mtu aliyekuchosha. Ukiwa naye ana kwa ana utamsoma usoni. Kwenye simu inayokwaruza utasoma wapi?

Nilipoanza kuandika nilitaka niseme lipigwe marufuku sokoni. Lakini dalali yule angeweza kusema "sawa mama" au "haya mama", na mama mdogo angechimba vilevile. "Haya" yetu ina sura nyingi kuliko hata oke, na hatujawahi kuilaumu. Basi oke ibaki, hasa kwa vijana wanaochati, wao wanaelewana. Ila kwenye jasho la mtu isisimame peke yake: itajwe siku, itajwe bei, ijulikane gari ni la nani. Nasemea viazi, huenda wenzetu wa mbao kule Mufindi wana utaratibu wao.

Mama mdogo siku hizi akijibiwa oke hakati simu. Anauliza, "Oke ya kusikia au ya kuja?" Hata akiambiwa ya kuja, hashiki jembe mpaka advansi iingie kwenye simu.