Giaboksi inalia: majibu kwa madereva wa Kigoma

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja. Gari la gia za mkono linalia, fundi anataka kushusha giaboksi, je, mwenye gari akubali? Mimi nasema kwanza ujue linalia lini. Klachi ikiwa juu au ikiwa chini? Gari limesimama au linatembea? Gia namba ngapi? Kushusha giaboksi ni kazi kubwa, na spea nyingi huku kwetu tunazisubiri kutoka Dar es Salaam. Gari likilala gereji kwa kosa la kubahatisha, ni familia ya mtu inayokosa riziki.

Shikamoo fundi. Naendesha Hiace ya abiria, Mwanga kwenda Ujiji. Nikisimama kupakia, gia ikiwa frii, chini kunakoroma kama kuna kokoto. Nikikanyaga klachi kunanyamaza. Bosi wangu anasema ni injini.
*Kijana wa Hiace, Mwanga*

Marahaba kijana wangu. Si injini. Injini inazunguka vilevile, ukanyage klachi usikanyage. Kinachobadilika ni giaboksi. Ukiachia klachi gia ikiwa frii, yaani hakuna gia iliyoingia, nguvu ya injini inaingia ndani na kuzungusha shafti ya kuingizia pamoja na kaunta shafti iliyo chini yake, ingawa magurudumu yamesimama. Ukikanyaga, shafti hizo nazo zinasimama. Kwa hiyo kinacholia ni beringi ya shafti ya kuingizia au zile za kaunta shafti, na mara nyingi ya kuingizia ndiyo hutangulia kuchoka.

Mwite bosi wako asikie mwenyewe. Washa gari, acha frii, kanyaga na uachie klachi polepole mara kadhaa. Hata asiyejua ufundi atausikia mlio ukija na kuondoka na mguu wako. Ila uwe makini: dizeli nyingi zikiwa frii hutoa mgongano mwepesi wa meno, na huo si ugonjwa. Wa kushughulikia ni mkoromo mzito unaoongezeka kadiri unavyoongeza mafuta.

Kabla ya kushusha chochote, tazama oili. Ubavuni mwa giaboksi kuna nati ya kujazia. Gari likiwa limesimama sawasawa, oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu hilo. Ingiza ncha ya kidole uiguse. Na ukitaka kumwaga, fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya chini. Nimeona magari yaliyomwagwa oili halafu nati ya kujazia ikagoma, yakabaki palepale siku nzima.

Nati ya kumwagia kwenye magari mengi ina sumaku. Ipanguse kwa kidole. Ukikuta uji laini wa kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vyenye ncha vinavyochoma kidole, hapo beringi au meno ya gia yameanza kumeguka. Kisha mimina oili kidogo kwenye beseni jeupe uielekeze juani: punje zinazometa rangi ya dhahabu, ambazo sumaku haizishiki, ni shaba iliyotoka kwenye bangili za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mizunguko gia inapoingia. Ukishaona hivyo ndipo unakwenda kwa bosi na ushahidi mkononi. Usiizungushe hiyo Hiace mwezi mzima huku inakoroma. Beringi ikikatika, shafti inayumba, na meno ambayo leo ni mazima yatakwenda nayo.

Fundi, yangu ni kinyume. Canter yangu inabeba dagaa kutoka Kibirizi. Iko kimya mpaka nikanyage klachi, ndipo inapiga mluzi.
*Dereva wa Canter, Kibirizi*

Hiyo ni rilizi, ndugu yangu, beringi inayosukuma presha pleti, sahani inayobana diski ya klachi, unapokanyaga. Jaribu kukanyaga kidogo tu, mpaka pale klachi inapoanza kuwa nzito. Mluzi ukianzia hapo, huna haja ya kutafuta zaidi. Ikiwa mlio unakuja tu ukikanyaga mpaka chini, gia ikiwa imeingia na gari limesimama, itazame pia beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Hiyo hufanya kazi pale injini inapozunguka na shafti ya giaboksi imesimama.

Rilizi haimo ndani ya giaboksi. Giaboksi inashushwa ili kuifikia, kisha inarudishwa ilivyokuwa, kwa hiyo usikubali kutozwa hela ya kuifungua ndani. Ila kwa kuwa imeshashuka, pima diski ya klachi na presha pleti, na angalia sili ya nyuma ya injini kama inavuja. Kulipa ufundi mara mbili kwa kazi ya mahali pamoja kunaumiza. Na ukipanda kutoka ziwani na mzigo, ondoa mguu juu ya klachi. Mguu uliopumzika pale unaifanya rilizi izunguke safari nzima.

Nina Land Cruiser pikapu, napanda nayo sana Manyovu. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano inavuma. Nikiingiza ya nne, kimya. Fundi mmoja kasema ni difu. Nimwamini?
*Mfanyabiashara, Buhigwe*

Usimwamini, mzee wangu, na umeshajijibu mwenyewe bila kujua. Difu, zile gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, haijui uko gia gani. Kama ingekuwa mbovu, ingevuma kwenye ya nne pia kwa mwendo uleule.

Kwenye giaboksi za magari kama lako, ambazo injini imelala kwa urefu na propela, shafti ndefu ya chini ya gari, inakwenda nyuma, gia ya nne ni ya moja kwa moja. Shafti ya kuingizia inafungwa na shafti ya kutoa, zinakuwa kama moja, mzunguko kwa mzunguko. Kaunta shafti inaendelea kuzunguka, lakini haibebi mzigo. Kwenye gia nyingine zote nguvu inashuka kwenye kaunta shafti kisha inapanda tena. Ndiyo maana ubovu wa kaunta shafti, hasa beringi zake, unasikika katika gia zote isipokuwa hiyo moja. Na mlima wa Manyovu unautoa mlio nje kuliko barabara ya tambarare, kwa sababu mzigo unayasukuma meno yaachane, na beringi ndizo zinazoyazuia.

Mlio ukiwa kwenye gia moja tu, ya tatu peke yake kwa mfano, tafuta meno au beringi za gia hiyo. Ukiwa kwenye gia zote pamoja na ya nne, rudi kwenye beringi za shafti kuu. Kipimo hiki cha gia ya nne hakifai kwa Corolla na Probox za kuvuta mbele, maana giaboksi zake zimepangwa vingine.

Yako itafunguliwa, hakuna njia ya mkato. Ikifunguliwa, badilisha beringi zote na sili zote kwa pamoja. Ukishauriwa kununua giaboksi ya mtumba badala ya kutengeneza, zungusha shafti yake kwa mkono kabla ya kulipa. Itikise juu na chini, na nusa oili iliyobaki. Shafti inayocheza sana au harufu ya kuungua, iache hapohapo dukani.

Probox yangu ya gia za mkono inakwaruza nikirudi kutoka tatu kwenda mbili, hasa asubuhi. Fundi anataka kuweka oili nzito, namba 140, inyamaze.
*Mwalimu, Kasulu*

Mwalimu, tafadhali usikubali. Hili linaniuma kwa sababu linafanywa sana, na linaua giaboksi za watu wasio na hela ya nyingine.

Ndani, kila gia ya mbele ina bangili ya shaba inayobana koni ya gia ili mizunguko ilingane kabla meno hayajakutana. Ili ibane, ni lazima iikate oili iliyoko juu ya koni. Oili ikiwa nzito mno, bangili inateleza, na meno yanakutana kabla hayajalingana. Ndiyo maana baridi ya asubuhi ya Kasulu inaongeza mkwaruzo hata kwa oili uliyonayo sasa. Namba 140 itafunika mlio wa beringi kidogo na kuzidisha ugonjwa wako.

Magari mengi madogo yanataka oili ya uzito wa 75W-90, daraja GL-4. Kitabu cha gari lako ndicho kinaamua. GL-5 imetengenezwa zaidi kwa ajili ya difu, na baadhi yake zina dawa inayokula shaba. Anza kwa kubadilisha oili sahihi, uendeshe wiki chache. Ikiendelea kukwaruza kwenye mbili peke yake, bangili ya gia hiyo imekwisha. Ikikwaruza kwenye gia zote, acha giaboksi, tazama klachi, kwani haiachii vizuri. Mpaka utakapopata hela ya kutengeneza, rudisha hivi: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi ikiwa frii, ongeza mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza mbili. Inazoeleka.

Rivasi inakwaruza, za mbele hazina shida.
*Msomaji, Gungu*

Rivasi ya magari mengi haina bangili hizo. Simamisha gari kabisa, kanyaga klachi, subiri sekunde chache, ndipo uingize. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haikati: kuna upepo kwenye mfumo wa mafuta yake au waya unahitaji kurekebishwa.

Nilipita kwenye maji yaliyojaa karibu na Luiche, yalifunika giaboksi. Sasa inavuma.
*Mkulima, Ujiji*

Giaboksi ya moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia au sili. Fungua leo hii. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji. Mwaga, jaza mpya, tembea kidogo, mwaga tena, na difu uifanyie vivyo hivyo. Usingoje mavuno, kutu haikusubiri.

Fuso yangu ya chumvi inavuma kuanzia mwendo wa 60, gia yoyote.
*Dereva, Uvinza*

Mahali tambarare pasipo na magari, si kwenye mteremko, weka frii kwa muda mfupi bila kuzima injini. Ikiendelea kuvuma vilevile, acha giaboksi, ni difu, beringi za magurudumu au matairi. Mlio ukiongezeka unapokata kulia, shuku upande wa kushoto, ndio unaobeba uzito. Nyanyua gurudumu hilo uweke vigingi imara, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, usipakie hata gunia moja mpaka beringi ibadilishwe.