Paka hakuli

Wiki hii mmeuliza: nani alimfundisha mwanao kuongea? Mimi nitamjibia mjukuu, maana wanangu walipokuwa wadogo nilikuwa mwalimu wa shule ya mbali, narudi nawakuta wamelala. Huyu nashinda naye uani hapa Tandika. Ana miaka mitatu na ushee. Jibu langu: hakuna aliyemfundisha. Tulijaribu, akakataa.

Juzi alikuwa anamtupia paka vichwa vya dagaa. Paka kanusa, kageuka zake. "Babu, paka hakuli." Ualimu ukanipanda: "Paka hali." Akanitazama kama ninayehitaji kupelekwa kupimwa masikio. "Eeh, hakuli." Nikarudia polepole, ha-li. "Ndiyo, Babu. Hakuli. Ameshiba."

Sasa hilo "hakuli" kalitoa wapi? Nyumbani kwetu halisemwi. Ila anatusikia kutwa: anakula, amekula, atakula. Kila mahali "kula". Anaruka, haruki, anacheka, hacheki, basi anakula, hakuli. Hesabu yake imekaa sawa. Sisi wakubwa ndio tunaoidondosha "ku" njiani bila kumpa sababu, halafu tunamwona kakosea. Hata "njoo" hajaikubali. Paka anaitwa "kuja!", mpaka jirani akauliza kama tumepata dada wa kazi kutoka Nairobi.

Kuna mtafiti wa Marekani, Jean Berko, ambaye mwaka 1958 alichapisha jaribio zuri sana. Aliwachorea watoto kiumbe cha kubuni, akakiita wug, jina ambalo hawajapata kulisikia, kisha akawaonyesha viwili waseme ni nini. Wengi walitoa wingi wake bila taabu, na neno lenyewe limezaliwa siku hiyo! Nikasema ngoja nami nijaribu. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana nikachora kidude chenye masikio matatu. "Hiki kibugu." Akacheka. Nikachora cha pili. Sikutaka kumpenyezea jibu kwa "hivi" wala "viwili", nikauliza tu, "Babu kachora nini?"

"Vibugu." Kisha akaninyang'anya kalamu. "Kimoja hakina macho."

Mama yake yeye anahangaikia Kiingereza. Chekechea wamemwambia mtoto azoeshwe nyumbani, basi anamwachia simu yenye katuni. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walipima jambo hilohilo kwa watoto wa Marekani wa miezi tisa. Waliochezeshwa na mtu anayewasemesha Kichina, mara 12 tu, walianza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliosikia maneno ya namna hiyo kwenye televisheni hawakupata kitu. Nikamwambia binti yangu, kama ni Kiingereza, mwongeleshe mwenyewe mkimenya viazi. "Baba," akanijibu, "Kiingereza changu na mimi ni cha katuni."

Kurekebisha nimeacha. Jana usiku nilikuwa nimesogeza sahani pembeni, joto limenikatisha hamu. Akaja akaniegemea gotini. "Babu, mbona huli?"

Huli! Nikamshika mkono. "Na paka je?"

"Paka hakuli."