Mwalimu mkuu asiye na uwezo wa kupandisha mishahara

SWALI: Niliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi miaka miwili iliyopita. Walimu wangu wanafika kwa wakati na kusaini daftari la mahudhurio, lakini ufundishaji umedorora: madaftari ya wanafunzi yanakaa wiki mbili bila kusahihishwa, na ukipita nje ya madarasa unawakuta watoto wakinakili ubaoni huku mwalimu ameketi. Nimekaza usimamizi, kila asubuhi nakagua maandalio ya masomo, na anayechelewa kuyaleta anaandika barua ya kujieleza. Hali haijabadilika. Walimu wanasema tatizo ni mshahara na msongamano darasani, mambo ambayo hayako mikononi mwangu. Je, uongozi wangu una uzito wowote hapa?

JIBU: Mwalimu, uongozi wako una uzito, lakini kwanza nakuomba ukubali kwamba walimu wako hawatoi visingizio. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia mwaka 1985, watoto wa chekechea hadi darasa la tatu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine katika madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 na wengine katika madarasa ya 22 hadi 25, na wale wa madarasa madogo wakafanya vizuri zaidi katika kusoma na hisabati. Hebu sasa tupige hesabu ya hayo madaftari yako. Mwalimu mwenye wanafunzi 60, akitumia dakika 2 tu kwa kila daftari, anahitaji saa 2 nzima kusahihisha zoezi moja la somo moja, na mwalimu wa madarasa ya chini aghalabu hufundisha karibu masomo yote. Barua ya kujieleza haiwezi kupunguza rundo hilo.

Suala la mshahara nalo ni la kweli, ila lina mipaka yake. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1959, alieleza kuwa mshahara, mazingira ya kazi na namna mtu anavyosimamiwa vikiwa vibaya humvunja moyo, lakini vikiwa vizuri havitoshi peke yake kumpa ari. Ari hutokana na kuona kazi yake inafanikiwa, kutambuliwa na kuaminiwa majukumu. Aliowahoji walikuwa wahandisi na wahasibu, lakini katika miaka yangu ya kazi maelezo hayo nimeyaona kwa walimu pia. Mshahara huwezi kuugusa. Usimamizi ni wako.

Nami nilipokuwa mwalimu mkuu nilikagua maandalio kila asubuhi. Mwalimu mmoja wa darasa la pili alikuwa na maandalio yasiyo na dosari, lakini watoto wake hawakusonga mbele. Siku nilipokwenda kuketi kwenye dawati la nyuma, niliona kwamba ilipofika saa nne mwanga wa dirishani ulipiga ubaoni, na safu mbili za nyuma hazikuona kitu ila mng'ao. Watoto walikuwa wakinakili kutoka kwa wenzao wa mbele, pamoja na makosa yao. Ubao tuliuhamishia ukuta mwingine siku hiyohiyo. Mwalimu yule alikuwa ameshaniomba mara mbili kwa maandishi, na maombi yake yalikuwa mezani kwangu, chini ya maandalio niliyokuwa nikiyagonga muhuri. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo, ukaguzi wa kila asubuhi uupunguze, na muda utakaoupata uutumie kuketi madarasani, kisha uzungumze na mwalimu faraghani siku hiyohiyo, ukianza kwa kumwuliza ni nini kinachomkwamisha. Mwaka 2008 mtafiti wa elimu Viviane Robinson na wenzake, walipochambua tafiti mbalimbali kuhusu uongozi wa shule, waliona kwamba jambo lililohusiana zaidi na matokeo ya wanafunzi ni kiongozi kuendeleza mafunzo ya walimu na kushiriki humo yeye mwenyewe. Walimu wakikutana kujadili namna ya kufundisha kugawanya, nawe uwepo, na ukosolewe kama wao.

Linda pia vipindi vyao. Kwa wiki moja, andika kila mara ofisi yako inapomtoa mwalimu darasani, iwe ni kwa fomu, mgeni au kikao cha dharura, na uzijumlishe dakika hizo. Nina hakika zitakushtua. Kuhusu kusahihisha, kubalianeni ni mazoezi yapi yasahihishwe na mwalimu moja kwa moja na yapi yasahihishwe darasani kwa pamoja.

Msongamano hutaumaliza wewe, lakini ni wajibu wako kuupeleka kwa wakubwa wako ukiwa na idadi ya wanafunzi wa kila darasa, na kuwarudishia walimu jibu utakalopewa, hata kama ni la kukataliwa.