Simu imechemka, imezima, haiwaki: ishike kwanza kabla hujaichomeka

Naendesha teksi ya mtandaoni hapa Dar es Salaam, kwa hiyo simu yangu inaishi maisha magumu kuliko simu nyingi. Jua linaipiga kupitia kioo cha mbele, ramani iko wazi, mwanga wa skrini umepandishwa hadi mwisho ili nione njia, data imewashwa na chaja ya gari imechomekwa. Ukiniambia saa nane mchana mwezi wa pili, kwenye foleni ya Morogoro Road, simu imezima yenyewe na haiwaki, sitashangaa. Imenitokea zaidi ya mara moja, na kijiweni kwetu sidhani kama kuna dereva ambaye hajapitia.

Watu wengi wakikutwa na jambo hili hufanya mambo sahihi kwa mpangilio uliopinduka. Wanachomeka chaja, wanabonyeza kitufe cha kuwasha mpaka kidole kinauma, wanajaribu chaja ya jirani, halafu ndiyo wanakumbuka kwamba simu yenyewe ni ya moto. Anza na joto. Mambo ya kuwaka yana nafasi yake.

Simu iliyozidiwa na joto hujizima kwa makusudi ili isijiunguze. Apple, kwa mfano, wanasema iPhone itumike mahali penye nyuzi joto 0 hadi 35. Sisi Dar mwezi Januari na Februari tunacheza kwenye 31 mpaka 33, na hiyo ni kivulini. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani, joto hupita 50 bila shida. Kwa hiyo simu inaweza kuwa nzima kabisa, ila imegoma mpaka ipoe. Ukiichomeka hapo hapo unaiongezea moto, maana kuchaji kwenyewe huzalisha joto.

Chomoa waya, vua kava, iondoe juani, ilaze kwenye vigae au meza, na kama kuna feni, ielekeze kwenye simu. Usiiweke kwenye kochi, kitandani wala mfukoni. Ipe nusu saa. Najua nusu saa ni ndefu ukiwa na abiria anayekusubiri, lakini hakuna njia ya mkato hapa.

Na friji hapana. Ushauri wa kuweka simu kwenye friza nausikia kila kiangazi, tena kwa watu wanaojiamini kabisa. Chukua chupa ya soda kutoka kwenye friji uiweke mezani, uone inavyotoka jasho kwa unyevu wa hewa ya huku kwetu: jasho hilo hilo hutokea ndani ya simu, juu ya bodi (kile kibao chenye vifaa vyake vya umeme), mahali ambapo huwezi kufuta. Barafu na kitambaa kibichi viko kwenye kundi hilo hilo.

Wakati inapoa, ishike uone joto liko wapi. Hiki ndicho kitu ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu mkono unakuambia mengi kabla hujamfikia fundi. Kwa simu nyingi, sehemu ya juu karibu na kamera ndipo ilipo bodi yenye prosesa, yaani ubongo wa simu, katikati ni betri, na chini ni tundu la chaji.

Joto likiwa sehemu ya juu, mara nyingi simu ilikuwa inafanya kazi nyingi: ramani, mchezo, kurekodi video, au kugawa intaneti kwa simu nyingine. Hilo ndilo joto lisilo na ubaya mkubwa, ikipoa huwaka. Dawa yake ni kuipunguzia mzigo. Mimi nilihamisha kishikio kutoka juu ya dashibodi nikakiweka kwenye tundu la kiyoyozi, na tofauti niliiona mara moja. Sawa, kwa safari ya elfu nne hakuna dereva anayetaka kuwasha AC, lakini hata upepo wa feni tupu unasaidia kuliko jua la kioo cha mbele.

Joto likiwa sehemu ya chini, shuku waya, chaja au tundu lenyewe. Chungulia kwa tochi. Ukiona pini zimebadilika rangi au plastiki imelegea, usichomeke tena kitu chochote hapo. Chaja za gari zinazouzwa na machinga kwenye foleni sizipingi zote, ila ukinunua, ishike baada ya dakika kumi na tano. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, umepata jibu lako.

Joto likiwa katikati, hapo kaa makini. Ilaze simu mezani uizungushe kidogo. Ikizunguka kama ina mgongo, au kioo kimeanza kuachia pembeni, betri imevimba. Kuvimba ni gesi iliyojaa ndani baada ya kemikali za betri kuharibika, na ganda la hizi betri za lithiamu ni laini. Usiichaji, usiikandamize ili kioo kirudi mahali pake, usiitoboe kutoa hewa (nimemwona mtu akifanya hivi kwa sindano, nikahama meza). Iweke mbali na godoro, mapazia na watoto, kisha ipeleke kwa fundi abadilishe betri. Ikianza kutoa moshi ndani ya gari, simamisha, shusha abiria, toka, na moshi ule usiuvute. Wanaodhani natia chumvi wakumbuke mwaka 2016, Samsung walipolazimika kuziondoa sokoni Galaxy Note 7 zote kwa sababu ya betri kuwaka moto. Kama kampuni kubwa kiasi kile yalimkuta, betri ya kopi ya mtaani usiichukulie poa.

Tuseme simu imepoa, haijavimba, lakini bado haiwaki. Sasa jua kwanza kama imezima kweli au kioo ndicho kilichokufa. Omba simu ya mtu ujipigie. Ikiita, au ikitetema, simu ni nzima na tatizo ni kioo au waya wake. Kuna watu wamelipia betri mpya kwa simu iliyokuwa inawaka muda wote gizani.

Ikiwa kimya, ilazimishe kuwaka upya. Kwa Samsung nyingi shikilia kwa pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti, sekunde kumi au zaidi. Simu nyingine za Android hutaka kitufe cha kuwasha peke yake, mpaka sekunde ishirini au thelathini. iPhone kuanzia 8 na kuendelea: bonyeza kuongeza sauti uachie, bonyeza kupunguza sauti uachie, kisha shikilia kitufe cha pembeni mpaka tufaa litokee. Hii haifuti kitu chochote, kwa hiyo usiogope.

Baada ya hapo ndiyo zamu ya chaja. Tumia ya ukutani ambayo umeiona ikichaji simu nyingine leo, si ya gari wala pawa benki. Kabla ya kuchomeka, safisha tundu kwa kijiti cha meno cha mbao, taratibu, simu ikiwa imezima. Pamba za mfuko wa suruali hujazana mle mpaka waya haufiki mwisho. Kisha iache nusu saa hata kama kioo kiko cheusi. Betri iliyojaa huwa na volti 4.2 hivi au zaidi kidogo. Ikishuka hadi chini ya 3, simu haina nguvu hata ya kuonyesha alama ya kuchaji, na chaji ya mwanzo huingia kidogo kidogo kwa usalama. Hapo ndipo watu hukata tamaa, wanachomoa baada ya dakika tano na kutangaza msiba.

Kama kabla ya kuzima ilipata maji, mvua, au mawimbi ya Coco Beach, ruka hatua ya chaja kabisa. Maji ya chumvi yanakula bodi huku wewe unasubiri. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya bodi. Unaacha vumbi na wanga kwenye tundu la chaji. Fundi aifungue siku hiyo hiyo, aisafishe kwa spiriti maalumu ya vifaa vya umeme.

Ikiwaka lakini ikagandia kwenye nembo huku inachemka, tatizo laweza kuwa la programu. Fundi atakuambia inahitaji kuflashiwa, yaani kuwekewa programu upya. Muulize kabla hajagusa kama picha na mawasiliano yatabaki, maana mara nyingi hayabaki.

Simu ambayo imezima na bado inachemka yenyewe, bila chaja, ni habari nyingine. Hiyo kwa kawaida imepiga shoti ndani, na haina cha kusubiri nyumbani. Kariakoo, kuanzia Aggrey na mitaa ya jirani, mafundi wamejaa, na namna ya kumjua anayejua kazi ni kumwangalia anaanzaje. Fundi mzuri hutoa betri, anaunganisha bodi kwenye pawa saplai, anatazama mshale wa ampea, yaani umeme unaovutwa na bodi. Mshale ukipanda kabla hajabonyeza kitufe, kuna shoti. Ukibaki sifuri hata akibonyeza, umeme haupiti: kitufe, au chipu inayogawa umeme. Ukipanda na kushuka kama unahangaika, bodi inajaribu kuwaka, na tumaini ni kubwa. Kutafuta shoti yenyewe, wengine hufukiza bodi kwa moshi wa fluksi (dawa ya kulehemu) mpaka iwe na utando mweupe, kisha wanaipa umeme. Kitu kinachochemka huyeyusha utando wake na kujifichua. Kazi hiyo inapendeza kuitazama.

Anayechukua blowa na kuanza kuichoma bodi nzima kabla ya kupima chochote, mwambie, "Fundi, samahani, ngoja kwanza nikatafute hela," uondoke na simu yako.

Kaa hapo hapo inapofunguliwa. Toa laini na memori kadi mwenyewe. Kubalianeni hela ya kukagua na hela ya kutengeneza, kila moja peke yake. Akibadilisha betri, omba ile ya zamani uione. Nenosiri usimwandikie kwenye karatasi. Ikiwaka, mwenye simu ndiye anayeifungua.

Laini ile iweke kwenye kitochi mara moja. M-Pesa na huduma nyingine za namna hiyo zinafanya kazi kwa menyu ya kawaida bila simu janja, kwa hiyo hela yako haijafungiwa ndani ya simu iliyokufa, na ujumbe wa kuhamishia WhatsApp utaingia hapo hapo. Wenye eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kutoa, hawana njia hii. Itawabidi waende kwenye duka la mtandao wao na namba ya NIDA, wakaweke alama za vidole.

Simu ikirudi kuwaka, usiirudishe kazini siku hiyo. Nakili picha na mawasiliano kwanza, kisha ichaji ukiwa karibu, mchana, uishike kila baada ya muda uone kama joto linarudi palepale lilipokuwa. Likirudi palepale, mrudie fundi kabla hujamaliza kusahau bei mliyoelewana.