Pambo Lishikwe na Kitambaa Kizima: Maswali Yenu ya Sindano na Uzi

Mvua zimeanza hapa Kigoma. Kila zinapoanza watu hukaa ndani, hufungua masanduku ya nguo, na maswali hunifikia kwa wingi. Wiki hii nimechagua sita. Mengi yanahusu nguo ambayo mwenyewe bado anaipenda ila imeharibika mahali, na yote yanatibika kwa mkono: sindano, uzi, mkasi, na vipande vya kitenge ambavyo fundi yeyote wa Mwanga au Ujiji atakuokotea chini ya cherehani yake ukimwomba vizuri.

Shikamoo shangazi. Nina blausi nyeupe ya pamba naipenda mno. Nilikuwa naunga maharage, mawese yakanirukia kifuani. Nimefua mara tatu, doa la rangi ya chungwa limebaki. Nataka kulifunika kwa maua ya kitambaa. Nianzie wapi? (Mama wa watoto wawili, Ujiji)

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye sabuni, sindano itafuata. Mawese huacha vitu viwili kwenye nguo: mafuta, na rangi yake. Mafuta yanataka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ipake pale penye doa nguo ikiwa kavu, sugua taratibu kwa vidole, iache robo saa, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu. Rudia mpaka ukigusa usisikie utelezi. Rangi inayobaki inaogopa jua. Anika blausi ikiwa na unyevunyevu, doa lielekee juani, na siku mbili tatu za jua kali zitalififisha sana. Usiipige pasi kabla ya hapo, maana moto hulikaza doa. Na jiki iweke mbali, inakula nyuzi za pamba, nasi tunahitaji kitambaa chenye nguvu cha kubeba maua.

Likibaki kivuli, sasa tushone. Tafuta kitenge chepesi, chora duara kwa mdomo wa bakuli, la upana wa sentimita 10 hivi. Kunja ukingo wake kwa ndani nusu sentimita, huku ukipitisha sindano juu na chini kuuzunguka duara wote, uzi ukiwa wa mara mbili. Ukifika ulipoanzia, vuta. Duara litajikusanya lenyewe kama mdomo wa mfuko wa kamba. Libonyeze kwa kiganja likae bapa, funga fundo nyuma. Ua lako litakuwa na upana wa sentimita nne na nusu hivi, chini kidogo ya nusu ya duara ulilokata.

Hapa wengi hukosea. Wanadhani mishono midogo ndiyo ustadi. Kwa ua hili ni kinyume chake: mishono midogo midogo huleta vikunjo vingi vinavyosongamana, na katikati linabaki tundu kubwa. Piga mishono mirefu kidogo, ya karibu sentimita moja, utaona tundu linavyojifunga. Shona moja la majaribio kwa mishono mifupi na jingine kwa mirefu, uyaweke pamoja kwenye kiganja. Baada ya hapo hutahitaji kuambiwa tena.

Usiweke ua moja juu ya doa. Ua la peke yake katikati ya kifua linamwambia kila mtu kwamba chini yake kuna jambo. Shona matatu au matano ya ukubwa tofauti, uyapange yashuke kwa mshazari kutoka begani, doa likae chini ya mojawapo tu. Na kwa kuwa una watoto wawili, niulize: wa mwisho bado unambeba mgongoni? Kama ndivyo, jifunge mbeleko mbele ya kioo uone fundo linakaa wapi, kisha maua yakae juu ya hapo. Fundo la mbeleko hulilaza ua kabisa kwa siku moja.

Shangazi, nguo yangu ni ya zamani, na mapambo yake yanabanduka kila nikifua. Nashona kwa nguvu, nafunga mafundo makubwa, lakini wapi! (Mwanafunzi, Kigoma mjini)

Umeniambia nguo ni ya zamani, ila hukuniambia pambo umelishona juu ya nini. Naamini tatizo liko hapo. Inua nguo uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Palipochakaa mwanga utapita kama kwenye chekecheke, na hapo hakuna uzi utakaoshika hata ukifunga fundo la ukubwa wa maharage. Fundo kubwa ndilo linalozidi kupasua. Pambo lishikwe na kitambaa kizima. Ama ulisogeze mpaka mishono ya pembeni itue kwenye sehemu yenye uhai, ama uweke kipande cha popilini kwa ndani, kikubwa kuliko pambo, ushone vyote vitatu kwa pamoja.

Uzi nao usizidi dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Uzi mrefu hujisokota na kuchakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi. Na badala ya fundo moja, maliza kwa mishono mitatu midogo mahali pamoja, upande wa nyuma.

Nguo yenye maua ifue kwa mkono, ndani ikiwa nje, na usiikamue kwa kuisokota.

Mwanangu ana suruali ya jinzi, magoti yote mawili yamechanika. Nikiweka kiraka anasema wenzake watamcheka. Ana miaka saba. (Baba, Kasulu)

Nimefurahi kuona baba anauliza. Mtoto hakatai kiraka, anakataa kiraka kinachoomba radhi. Mwache achague umbo mwenyewe. Mimi kwa wajukuu hukata samaki, na watoto wa huku hawachoki na mgebuka: mwembamba, mrefu, mkia wa panda. Goti moja mgebuka anapanda, goti jingine anashuka.

Weka viraka viwili kwa kila goti. Cha ndani kitoke kwenye jinzi nyingine iliyokufa, kizidi tundu kwa sentimita tatu kila upande, pembe zake uzikate ziwe mviringo kwa sababu pembe kali ndizo huanza kunyanyuka. Hicho ndicho kitakachofanya kazi. Samaki wa kitenge anakaa nje, juu ya tundu, kingo zake zimekunjwa kwa ndani. Ncha za mkia ni ngumu kukunja, zifanye butu.

Kazi hii ina tabu moja: mguu wa suruali ya mtoto ni mwembamba, na utajikuta umeshona mbele na nyuma pamoja. Ingiza chupa tupu ya plastiki ndani ya mguu, ile ya lita moja na nusu. Inakaza kitambaa, na sindano ikiigusa utahisi kabla hujapitiliza. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya kushikilia, mvalishe, mwambie achuchumae. Kiraka kikimbana, fumua bandi ulegeze. Ukiridhika ndipo ushone mishono ya kudumu, mifupi, ya karibu karibu. Tafuta na subana ya kidole, jinzi haina huruma na ngozi.

Je, kuloweka kitenge kwenye maji ya chumvi kunazuia kuchuja? Nataka kuweka maua mekundu kwenye gauni jeupe. (Msomaji wa Gungu)

Hapana, ingawa nami nilifundishwa hivyo na niliwaamini walionifundisha. Chumvi ina kazi yake kwenye sufuria la kutia rangi, inasaidia rangi kuingia kwenye pamba. Kitenge kilichokwisha kuchapwa kiwandani hakifungwi rangi na chumvi ya jikoni. Miaka mingi iliyopita nilipamba sare nyeupe ya kwaya ya mdogo wangu kwa maua mekundu yaliyolala kwenye chumvi usiku kucha. Jumapili hiyohiyo mvua ilimkuta njiani. Alifika na mistari ya waridi mpaka kiunoni, akaimba hivyohivyo, na mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Sijamsahau uso wake.

Fanya hivi. Fua kitenge peke yake kwa sabuni mpaka maji yatoke safi. Kisha kikiwa bado kibichi, kifunge pamoja na kitambaa cheupe ukikandamize kwa jiwe usiku mzima. Asubuhi cheupe kikiwa kimebaki cheupe, shona. Kikiwa na waridi, rudia kufua. Baada ya mara nne au tano kama bado kinatoa, kitumie kwenye nguo nyeusi au ya bluu iliyoiva. Kufua huku kunakusaidia pia kwa jambo la pili: kitenge cha pamba hujikunyata kwenye maji ya kwanza, na ni heri kijikunyate kwenye beseni kuliko kifuani mwako.

Ukiwa sokoni, geuza kitenge utazame nyuma. Kile cha waksi halisi rangi zake zinafanana pande zote mbili. Kile cha kuchapwa upande mmoja, nyuma kimepauka. Kwa maua ambayo petali zake zinaonyesha ndani na nje, tafuta cha kwanza. Kwa yale ya duara niliyomweleza mama wa Ujiji, chochote kinafaa.

Gundi haitoshi? (Msomaji wa Kibondo)

Haitoshi. Inakakamaa, inaacha alama ya manjano, na siku ukitaka kubadilisha pambo huwezi. Mshono wa mkono unafumuka, nguo inabaki kama ilivyokuwa. Ninaupendea hilo kuliko yote.

Shangazi, mama yetu alifariki mwaka jana. Aliacha kanga moja, mwenzake wa doti sijui ulipo. Imeandikwa "Wema hauozi". Imechanika katikati na imepauka. Dada zangu wananilaumu nikitaja mkasi, lakini sandukuni inaliwa na mende. Nataka niivae nikiwaza yeye. Nifanyeje? (Binti, Tabora)

Pole sana mwanangu, nawe na dada zako. Wasikulaumu na wewe usiwalaumu. Waite mkae na kanga hiyo mkiwa pamoja kabla mkasi haujatoka, kwa sababu nitakayokueleza yanawagusa wote.

Kwanza fueni kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila kusugua wala kukamua. Ianikeni kivulini ikiwa imetandazwa. Ikikauka, wawili washike pembe waiinue dirishani. Mtaona mama alivyokuwa akiivaa: pale alipokuwa akichomeka kiunoni pamelegea, katikati ya mji, yaani uwanja wa ndani unaozungukwa na pindo, pameisha. Jina, yaani yale maandishi, kwa kuwa liko chini karibu na pindo, mara nyingi hubaki na nguvu. Haya yote yaandikeni kwa chaki: palipo imara, palipochoka.

Sasa chukua popilini nyeupe iliyokwisha kufuliwa, ilaze chini ya sehemu yenye jina, na upige bandi kanga na popilini pamoja kabla ya kukata. Mistari ya bandi ipite juu na chini ya maandishi, na mingine ya kusimama kila baada ya upana wa vidole vinne. Kanga iliyochoka ukiikata peke yake inajivuta upande, na herufi zinapinda, hutaweza kuzinyoosha tena. Ikiwa imeshikwa, kata ukiacha sentimita mbili nje ya mstari unaolizunguka jina. Hizo mbili ndizo utakazokunja.

Chagua gauni la rangi moja, ya kitambaa kisicho kizito. Jina liweke nyuma. Kanga tangu zamani husomwa na anayebaki nyuma mwenye kuivaa akipita, na mama yako alisomwa hivyo. Lisimame shubiri moja juu ya upindo, lisiburuzwe na vumbi la Tabora. Lishone kwa mishono ya kuficha: sindano inatoka kwenye mkunjo wa kanga, inaingia gauni hapohapo mbele yake, inatembea nusu sentimita kwa chini, inatoka tena kwenye mkunjo. Mtu akiangalia asione uzi. Itakuchukua jioni mbili tatu, usiharakishe.

Kwenye pindo, pale penye nguvu, kata maduara mtengeneze maua, moja kwa kila dada. Kila mmoja alishone kwenye nguo yake mwenyewe, kwa mkono wake, hata yule asiyejua kushika sindano. Mwonyeshe tu namna ya kuvuta uzi. Na pale palipochoka kabisa pasitupwe. Pakate vipande vidogo, uvijaze ndani ya vifungo vya kufunikwa kwa kitambaa cha gauni hilohilo, vifungo vitano vya mgongoni. Hakuna atakayeviona vipande hivyo, ila wewe utakuwa unavifunga kila ukivaa.